Saa Thelathini na Tatu

Malindi, Unguja
15 Januari 2023

Mdogo wangu Msabah,

Assalamu alaykum. Barua hii anakuja nayo Talib, mtoto wa Mzee Sabri wa nyumba ya pili. Alikuja likizo, akanambia kuwa huko Edmonton mnaonana kila Ijumaa msikitini, na kwamba umeanza kuota mvi. Sikumuuliza zaidi. Simu zangu hupokei tangu mwaka wa 2014, nikaona bora niandike. Karatasi haikatiki.

Mama ni mzima, anakusalimu. Mimi nshastaafu ualimu, huu mwaka wa pili. Jirani yetu Bi Nadra kafanyiwa jicho, sasa anaona vizuri hata yasiyomhusu. Plasta ya ukuta wa ngazi ilidondoka masika yaliyopita, fundi anaahidi kila wiki.

Sasa lililonifanya niandike. Juzi baada ya alasiri mama kaniuliza, "Rahila, kutoka kwa Msabah mpaka hapa, ndege inachukua saa ngapi?"

Nikamwambia, "Mbali, mama."

"Sikukuuliza kama ni mbali. Mbali naijua. Nimekuuliza saa."

Nikatoa tufe langu la darasani, nikavuta uzi kutoka Unguja mpaka Edmonton, nikapima. Nilipata kilomita elfu kumi na nne na kidogo. Nikamwambia ndege ingekuja moja kwa moja ingechukua kama saa kumi na sita, lakini ndege ya moja kwa moja hapana. Mama akalitazama lile tufe kama mtu aliyeletewa samaki asiyemtaka. Akasema, "Mwandikie mwenyewe. Anayesafiri ndiye anayejua."

Basi nimekuandikia. Kwa nini anataka kujua hakusema, na mimi sikumuuliza. Nijibu kwa sanduku la posta la msikiti, Mzee Sabri ana ufunguo.

Dada yako,
Rahila


Edmonton
26 Februari 2023

Dada Rahila,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa Talib. Alinipa mbele za watu, kwa hivyo sikuweza kuikataa.

Mimi mzima. Leo ni baridi ya nyuzi ishirini na saba chini ya sufuri. Ukitema mate yanafika chini yameshakuwa mawe. Bado nipo uwanja wa ndege, nnasukuma viti vya magurudumu. Wazee na wagonjwa nnawachukua mlangoni nnawafikisha kwenye ndege, wengine nnawapokea. Mke wangu anakusalimuni. Mpe mama salamu zangu na umwambie namuombea dua.

Jawabu la mama ni hili. Edmonton mpaka Toronto, saa nne. Toronto kukaa kitako kusubiri, saa tisa. Toronto mpaka Addis Ababa, saa kumi na tatu. Addis kusubiri tena, saa nne. Addis mpaka Unguja, saa tatu. Jumla ni saa thelathini na tatu. Ishirini uko hewani, kumi na tatu uko kitini. Hiyo ni kama ndege zote zimekuja kwa wakati wake.

Kama mama anauliza kwa sababu ile nnayoidhania mimi, mwambie asijisumbue. Desturi ya nyumba yetu naijua. Baba alipofariki nilikwambia kwa simu, kwa ulimi wangu, "Nisubirini." Ukaitika. Alasiri ya siku ile ile mkamzika. Nilikuja nikakuta udongo umeshakauka. Sitaki kulirudia neno hilo, na sitaki mtu aniahidi tena.

Nduguyo,
Msabah


Malindi
30 Aprili 2023

Mdogo wangu Msabah,

Marahaba. Barua yako ilichukua wiki tano. Tumesherehekea Idi, na mama kavaa kanga ya rangi ya zambarau na kukaa barazani tangu asubuhi kupokea watu. Kila aliyekuja alisomewa safari yako. Keshaihifadhi: "Toronto anakaa kitako saa tisa, maskini, halafu Addis saa nne." Bi Nadra akamuuliza, "Anakuja lini?" Mama akasema, "Nimesema njia, sikusema lini."

Juu ya baba. Ni kweli uliniambia niwasubirishe watu, na kweli niliitika. Na ni kweli tulimzika bila ya wewe. Nilikubali lawama yako pale mlangoni, mbele ya majirani waliokuja hitmani, na sikukujibu. Kwa miaka tisa sijakujibu. Leo umenipa hesabu mwenyewe, kwa hivyo nitakuuliza kama mwalimu.

Baba alifariki Alhamisi alfajiri, tarehe kumi na saba Aprili. Ulipata ndege ya Alhamisi usiku, saa mbili za huko, ambazo kwetu ni Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Ongeza saa thelathini na tatu. Utakuwa umeshuka Unguja Jumamosi, saa nane mchana.

Wewe ulibisha hodi Jumatatu saa nne asubuhi.

Kutoka pale mpaka hodi yako pana saa arubaini na nne, Msabah. Na usinambie ndege zilichelewa. Begi lako nililichukua mimi ukumbini nikalipeleka chumbani. Lile karatasi la uwanja wa ndege lilikuwa bado limefungwa kwenye mkono wa begi, na tarehe yake ilikuwa kumi na tisa, Jumamosi. Nililikata kwa mkasi nikalitia jikoni likaungua, mama asije akaliona. Sijamwambia mtu.

Kutoka uwanja wa ndege mpaka Malindi hazifiki kilomita nane. Ulikuwa wapi?

Rahila


Malindi
9 Julai 2023

Mdogo wangu Msabah,

Baada ya salamu. Idi Kubwa imepita, nyama tumeigawa kama kawaida. Ukuta wa ngazi umepigwa plasta hatimaye. Mama hajambo. Nimemshushia kitanda ukumbini, ni kwa ajili ya ngazi tu, usije ukafikiri jengine. Anapenda uji kuliko wali siku hizi, na analala mchana. Hajambo.

Sikupata jibu lako. Wiki kumi sasa. Mzee Sabri akipita na ufunguo wake siku hizi ananitikisia kichwa kabla sijamuuliza.

Sikukuandikia vile ili nikushitaki. Ningetaka kukushitaki ningelitunza lile karatasi.

Rahila


Edmonton
13 Agosti 2023

Dada Rahila,

Shikamoo. Barua zako mbili zipo mbele yangu. Ya kwanza niliisoma nikaitia kwenye mfuko wa koti la kazini, nikatembea nayo wiki nyingi. Ya pili nimeisoma mara moja tu. Mtu hashushiwi kitanda kwa ajili ya ngazi, dada. Mimi nnawasukuma watu walioshushiwa vitanda kila siku.

Nakujibu.

Mwezi wa Januari mwaka ule, kabla baba hajafa, nilimpigia simu kumwambia nimeoa. Nilikuwa nshaoa mwaka mzima. Mwanamke wa hapa, na hakuna aliyejua kwetu; nyinyi mlisikia baadaye. Baba akasema, "Mwaka mzima unacho cha kunambia hunambii. Mimi kila sala nakuombea upate mke. Basi, Msabah, hata kunizika usije." Akaikata simu. Hatukusema tena mpaka uliponipigia wewe alfajiri ile.

Nilipokwambia "nisubirini," nilikuwa nakuomba kwa moyo. Nikapanda ndege. Lakini nimekaa saa tisa Toronto na nne Addis, na kila nilipokaa nilimsikia: hata kunizika usije. Addis nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa binamu yetu Suhail kwamba mmeshamzika tangu Alhamisi. Unajua nilihisi nini? Nilipumua. Wallahi nilipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo. Halafu nikaona haya kwa ile pumzi.

Nilishuka Jumamosi saa nane, kama ulivyopiga hesabu. Nikatoka nje, dereva wa teksi akanikaribisha Zanzibar kwa Kizungu, kwa kuona lile koti langu na begi langu. Nikamjibu kwa Kizungu. Akauliza wapi. Ulimi wangu ukasema Kizimkazi, kusini kabisa ya kisiwa.

Nikapata chumba kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, mama mmoja akiitwa Bi Sichana, alinisemesha Kizungu chake kidogo siku mbili, nami nikamwacha adhani mimi mgeni. Kila asubuhi aliniuliza kama nataka kwenda kuwaona pomboo. Nilikaa kitandani. Kilomita elfu kumi na nne nilizipita kwa saa thelathini na tatu, na zile nane za mwisho sikuziweza. Nilikuwa naogopa kwamba baba alikwambieni nyote, na kwamba nikiingia mlangoni kila mtu atanitazama na kujiuliza huyu kafuata nini.

Jumatatu asubuhi, ninaondoka, Bi Sichana akanisikia nikizungumza na dereva kwa Kiswahili. Alinitazama tu, kisha akaenda ndani akaniletea chai na mkate wa kumimina, akaniambia, "Pole, mwanangu." Sijui alijuaje.

Nilipofika nyumbani nikakuona wewe wa kwanza. Nikasema nililolisema kabla hujapata nafasi ya kuniuliza.

Na jengine. Sina mke. Tumeachana mwaka wa sita huu. Salamu zile nilizitunga.

Msabah


Malindi
24 Septemba 2023

Mdogo wangu Msabah,

Barua yako imenifikia Jumanne. Niliisoma jikoni nimesimama, na maharage yakaungua.

Hatukujua. Baba hakutuambia kitu juu ya simu ile. Miaka tisa unakimbia macho ambayo hayakuwa yakikutazama.

Sasa na mimi nina langu. Uliponiambia "nisubirini" nikaitika, nilikuwa nakudanganya. Nilishajua kwamba hutasubiriwa. Jumatano ile, siku moja kabla baba hajafariki, nilikuwa nampelekea maji. Nikiwa mlangoni nikamsikia akimwambia mama, "Nikifa nizikeni upesi. Msimsubiri Msabah." Niliposikia hivyo niligeuka na maji yangu nikarudi jikoni. Nilidhani kakukasirikia mpaka kaburini. Nikaapa kwamba neno lile halitakufikia. Ulipokuja Jumatatu ukanilaumu, nikasema moyoni, bora anichukie mimi. Mimi niko hai, anaweza kunisamehe siku yoyote. Baba atamsamehe vipi?

Usiku ule ule nilioipata barua yako sikuweza kulala. Asubuhi nilimsomea mama, yote, na Kizimkazi yako, na pumzi yako ya Addis. Alisikiliza amefumba macho. Kisha nikamwambia na langu, nililolisikia mlangoni.

Mama akafumbua macho. "Kwa hivyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo mlangoni."

"Na ukaondoka?"

"Niliondoka."

"Ungelikaa dakika moja zaidi, Rahila, ungelisikia lililobaki."

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nimemfanya ayarudie mara mbili ili nisiyakosee. Baba alisema: "Msimsubiri Msabah. Nilimkataza kwa ulimi wangu nikiwa na hasira, na yule mtoto ni mkaidi kama mimi, pengine atalishika neno langu. Mkinilaza kumsubiri na asije, mji mzima utamjua kama mtoto aliyemwacha baba yake juu ya kitanda. Nizikeni mapema. Akichelewa, watu waseme ni umbali." Halafu akamwambia mama kwamba Ijumaa, ukiwa umetoka kazini, atakupigia simu alirudishe neno lake.

Alifariki Alhamisi.

Nikamuuliza mama kwa nini hakukwambia siku zile tatu ulizokaa. Akasema, "Alikuja ameshakasirika na wewe, nawe umekaa kimya kama mwenye kosa. Nikadhani mna lenu. Kisha akaondoka. Neno kama lile haliandikwi wala halisemwi kwenye simu, linataka mtu akae mbele yako." Ndiyo maana akawa anauliza saa. Alikuwa anapima kama zimebaki za kutosha.

Nitaandika sasa ambalo sikuliandika Julai. Mama hatembei tangu Mei. Daktari wa moyo kasema tusimchoshe. Hakusema zaidi, na mimi, kama kawaida yangu, sikukaa mlangoni kusikiliza.

Njoo. Nimemtumia Talib picha ya barua hii kwa simu akuoneshe, kwa sababu posta siiamini tena kwa jambo hili.

Rahila


Edmonton
3 Disemba 2023

Dada Rahila,

Shikamoo. Nimerudi salama, kama nilivyokwambia kwa simu. Lakini kwenye simu tunasema "umekula" na "nimekula" tu, kwa hivyo nakuandikia, umsomee na mama.

Wiki tatu nilizokaa hapo zimepita kama siku tatu. Naona haya kukwambia kwamba nilipotoka uwanja wa ndege nilimwambia dereva "Malindi" kwa sauti kubwa, akashtuka. Nilikuwa naogopa ulimi wangu usije ukasema jengine.

Mama alivyonipokea wewe uliona, ulikuwa umesimama miguuni pake. Nilimbusu mkono. Akanishika uso, akaupapasa kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Safari hii saa ngapi?"

"Thelathini na nne, mama. Addis ilichelewa."

"Umepita wapi?"

"Sikupita popote."

Akasema, "Basi kaa." Nikakaa. Ukaleta uji nikamlisha, na sikujua kijiko kinashikwa vipi kwa mtu mwengine mpaka uliponionesha.

Hukuwepo siku niliyokwenda Mwanakwerekwe na Mzee Sabri. Alinionesha kaburi la baba, kisha akaenda kusimama mbali kwa adabu. Nilikuwa nimepanga kumwambia baba nilichelewa kwa ajili ya ndege, kama alivyotaka mwenyewe watu waseme. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno tangu Toronto. Nilipofika pale sikuweza. Nilimwambia nilikuwa Kizimkazi. Nilimwambia chumba kilikuwa na pazia la buluu, na kwamba nilisikia adhana tano za siku mbili nisitoke. Sikulia. Nilikaa mpaka Mzee Sabri akakohoa.

Siku ya kuondoka mama aliniita karibu, wewe ulikuwa umekwenda kuita gari. Alisema, "Nshakuona. Safari nyengine usikimbie. Wakikwambia nimekwenda, wewe waambie wanizike, ukae kitako hapo ulipo uniombee." Nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo." Akasema, "Nakupunguzia njia, mwanangu."

Hapa theluji imeanguka kwa siku nne. Mwambie mama ni kama mtu anapepeta unga bila kuchoka, na hakuna sauti kabisa. Nimerudi kazini. Jana nilimsukuma bibi mmoja wa Kisomali anakwenda kwa mtoto wake, mikono yake ina hina. Nilimfikisha mpaka kiti chake cha ndege, nikawa sitaki kumwachia.

Msabah


Malindi
14 Januari 2024

Mdogo wangu Msabah,

Barua yako ya Disemba imefika Jumanne, siku ya tano baada ya mama kuondoka. Nilikaa kwenye kile kitanda cha ukumbini nikaisoma kwa sauti, kwa kuwa uliniambia nimsomee. Nilisoma mpaka kwenye theluji.

Talib alikuja likizo tena, anaondoka kesho kutwa, nampa hii. Nataka ujue yote, maana kwenye simu hukuuliza na mimi sikusema.

Alhamisi ile aliamka kabla ya adhana, akanambia nimfungulie dirisha. Nikafungua. Akaniuliza ni asubuhi kwetu au kwa Msabah. Nikamwambia ni kwetu, kwa Msabah bado ni jana usiku. Akasema, "Basi hajalala." Nikaenda kutia udhu, na niliporudi alikuwa ameshakwenda, macho yamefumbwa vizuri, mkono mmoja kifuani. Safari hii pia sikuwepo kwenye dakika ya mwisho. Hiyo nafikiri ndiyo bahati yangu.

Nikakupigia. Nilisema, "Msabah, mama katangulia." Nilikusikia unavuta pumzi, na nyuma yako mtu anatangaza ndege. Kisha ukasema, "Mzikeni, dada. Msinisubiri." Ulilisema taratibu, kama anayemtandikia mtu shuka. Watu walikuwa wameshaanza kujaa, na Suhail aliponiuliza, "Anasemaje Msabah, tusubiri?" nilimjibu kwa ukamilifu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu: "Kasema tumzike."

Nilimuosha mimi, na Bi Nadra akinimiminia maji. Alikuwa mwepesi. Walimsalia msikiti wa Malindi baada ya adhuhuri, wanaume wakamchukua Mwanakwerekwe, yuko safu moja na baba. Mzee Sabri na Suhail ndio walioingia kaburini. Mimi, kama unavyojua, nilibaki nyumbani na wanawake.

Hitma imekwisha. Watu wamekwenda makwao. Mikeka ya kuazima nimeirudisha.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijui namna ya kuliandika. Nina miaka sitini na moja na sijapata kulala ndani ya nyumba peke yangu hata siku moja. Nilikuwa na baba na mama na wewe, kisha baba na mama, kisha mama. Nnapika chungu kile kile, nnakula kidogo, kinachobaki nampa Bi Nadra, naye anasema "Umezidisha chumvi" au "Umesahau chumvi." Mchana nnafunga mlango wa chini halafu nnashuka kuhakikisha kama nimeufunga. Kila mtu nnayekutana naye anasema, "Msabah hajambo? Maskini, yuko mbali na wenzake." Nawajibu hajambo. Hakuna anayeniuliza mimi, na akiniuliza sijui nitajibu nini. Mimi siko mbali na mtu yeyote. Niko hapa hapa.

Samahani kwa barua hii. Naipa Talib kabla sijaichana.

Rahila


Edmonton
28 Januari 2024

Dada Rahila,

Shikamoo. Hujambo wewe? Unalala? Unaamka saa ngapi, na ukiamka unafanya nini mwanzo? Goti lako, lile ulilokuwa ukilishika kila ukipanda ngazi nilipokuwa hapo na sikukuuliza, linakuuma bado? Nani anakuchukulia vitu kutoka sokoni Darajani? Tufe lako lipo wapi sasa? Nijibu kila swali, hata kama jawabu ni fupi.

Nimekaa na barua yako nikazitafuta kichwani barua zote nilizokuletea mwaka mzima. Sikumbuki hata moja niliyokuuliza habari zako. Niliuliza mama. Nilikwambia baridi yangu, kazi yangu, kosa langu. Wewe ulikuwa ni mtu wa kumsomea mama.

Siku ile uliponipigia nilikuwa kazini. Nilipokata simu nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikaenda kwenye kile chumba kidogo cha ibada cha uwanjani. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kisenegali anasubiri ndege. Nikamwambia kwa Kizungu kwamba mama yangu anazikwa leo mbali na hapa. Hakuuliza wapi. Alisimama nyuma yangu, tukamsalia mama sala ya asiyekuwepo, watu wawili. Tulipomaliza akanipa mkono, akaenda zake kwenye ndege yake. Jina lake sikuliuliza.

Kurudi moja kwa moja sitakuahidi, kwa sababu sitaki tena kukupa neno nisiloweza kulitimiza. Likizo yangu ya mwaka huu nimeitumia Novemba. Nimeandika kuomba ya Disemba ijayo, na nikiipata nitakuja kwako, siyo kwa kuhani msiba wala kwa kuzika, kwako tu.

Lakini kabla ya Disemba kuna Ramadhani, na nimepiga hesabu. Inaanza kama tarehe kumi na mbili Machi. Hapa tutakuwa tumeshasogeza saa zetu, tofauti yetu itakuwa saa tisa. Magharibi yenu ikiadhiniwa, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwangu itakuwa saa tatu na nusu asubuhi. Nimezungumza na mkuu wa zamu. Kanipa mapumziko yangu ya asubuhi wakati huo, siku zote thelathini.

Nitakupigia kila siku, adhana ikianza. Weka simu mezani pembeni ya sahani. Mimi nitakuwa ndiyo kwanza naanza kufunga, sitakuwa na kitu mkononi. Kama una neno la kusema, sema. Kama huna, usihangaike kulitafuta. Wewe kula, dada. Mimi nitasikiliza.

Mdogo wako,
Msabah